Mwaka Nilipoosha Dhahabu ya Maman Wabiwa

Habari ya kifo cha Tonton Mulonda ilinikuta darasani, nimeshika sumaku mkononi. Sisemi hivyo ili kupamba kisa. Mtu aliyefundisha kemia miaka mingi kama mimi hushika sumaku kila mwaka majuma yaleyale, likifika somo la kutenganisha michanganyiko, na kifo hakichagui juma. Simu ilitikisika mfukoni, nikaisoma chini ya meza kama mwanafunzi anayeibia mtihani: "Muzee Mulonda alitutoka jana. Kilio iko kwa Maman Wabiwa, Cimpunda." Wanafunzi walikuwa wakinisubiri nitoe unga wa chuma kwenye mchanga. Niliutoa. Kisha nikawaambia wafunge madaftari ingawa kengele ilikuwa bado, nikabaki peke yangu na sahani ya mchanga mbele yangu. Miaka yote hiyo nimefundisha sumaku, nimefundisha chujio, nimewachemshia maji ya chumvi mpaka chumvi ikabaki chini ya sufuria wakapiga makofi. Lakini namna ile ya kuosha kwa maji, kizito kizame na chepesi kimwagwe, huwa nawaambia waisome wenyewe kitabuni. Hakuna mkaguzi aliyewahi kuniuliza kwa nini. Angeniuliza ningemdanganya, maana katika jambo hili nilianza na uongo tangu siku ya kwanza.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, mwaka wa tano wa sekondari, sehemu ya biolojia na kemia. Waliokuwa nyumbani Kalehe nawaacha huko huko Kalehe, hawana kosa katika haya. Mjini Bukavu nilikuwa nimepokelewa na Maman Wabiwa, mjane wa Kirega kutoka Mwenga, rafiki wa zamani wa mama yangu. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, vyumba viwili, imeng'ang'ania mteremko wa Cimpunda kiasi kwamba mvua ikinyesha maji ya jirani wa juu yalipita mlangoni kwetu yakienda kuwasalimia majirani wa chini. Chumba kimoja alilala yeye na watoto wake wawili. Cha pili kiligawanywa na pazia la vipande vya vitenge alivyovishona mwenyewe; nyuma ya pazia nililala mimi na vitabu vyangu. Mbele ya pazia palikuwa na meza, viti viwili, na karibu na dirisha palikuwa na nafasi tupu, upana wa mikono miwili, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuweka kitu. Hata ndoo ya maji. Hiyo ilikuwa nafasi ya mashini. Maman Wabiwa alishona kwa mkono, amekaa mlangoni apate mwanga, akipitisha sindano kwenye nywele zake kila baada ya mishono michache ili iteleze, na alikuwa ameshaamua mashini ya kushonea itakaa wapi kabla hajajua itatoka wapi. Watoto wakicheza pale aliwafukuza: "Mutatoka apo! Munakanyaga mashini yangu!"

Chakula chake nakikumbuka kuliko nyuso za walimu wangu. Bugali ya muhogo, sombe ya majani ya muhogo, na siku zilizokwenda vizuri sambaza, dagaa wa ziwani, waliokaangwa kwa mawese mpaka mifupa ikawa inavunjika kama makapi. Alinipa mimi walio wakubwa. Watoto wakilalamika aliwaambia, "Kichwa yenye kusoma inaombaka samaki. Mukianza kusoma densite, na nyie nitawapa." Neno hilo la Kifaransa, la kupima uzito wa kitu kwa ujazo wake, alilipata kwangu. Jioni nilimsomea masomo yangu kwa sauti, naye alirudia maneno ya Kifaransa huku anashona, akicheka. Alikuwa hajui kusoma, lakini hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza vile, na nadhani ndipo nilipoanza kuharibika. Mtu akisikilizwa sana kabla hajajua kitu huanza kuamini anakijua.

Mwalimu wetu wa kemia alivaa abakosti moja, suti ile isiyo na tai, ya rangi ya majivu, na sisi tulimwita Citoyen Profesa, maana enzi hizo kila mtu aliitwa citoyen, raia. Maabara ilikuwa na kabati moja, na kabatini mlikuwa na sumaku moja, mirija iliyopasuka na panya. Lakini alijua kufundisha. Siku ya somo la michanganyiko alimwaga mezani mchanga, chumvi na unga wa chuma, akavivuruga kwa kidole. "Citoyens," alisema, "bitu bikichanganyika habipoteze tabia yao. Chuma inabakia chuma. Chumvi inabakia chumvi. Mukijua tabia ya kila moja, mutabitenganisha bila kugombana." Akatoa chuma kwa sumaku, akaosha chumvi kwa maji, akabakiza mchanga kwenye chujio. Akaongeza kwamba wachimbaji wa Mwenga na Shabunda hufanya hivyo kwa dhahabu: nzito huzama, mchanga huenda na maji. Niliandika yote. Nilipofika nyumbani nilimwambia Maman Wabiwa kwamba namna ya kusafisha dhahabu nimeijua.

Maskini, alikuwa na sababu ya kufurahi. Mulonda, mdogo wa marehemu mume wake, tuliyemwita Tonton kama baba mdogo, alikuwa mchimbaji, na mwaka ule ambapo kila mtu mjini alikuwa amegeuka mnunuzi wa dhahabu, alifika Cimpunda na mabua manne ya unyoya wa kuku yaliyozibwa kwa vijiti. Ndani ya kila bua mlikuwa na dhahabu laini kama unga wa mtama, bado na mchanga wake mweusi. Alikuwa ameosha mtoni msimu mzima kwa ajili ya shemeji yake. Aliyapanga mabua mezani moja moja. "Ni ya mashini," alisema. "Kaka angekuwa hai, angekununulia yeye. Sasa niko mimi." Maman Wabiwa aliinuka, akaenda kusimama kwenye ile nafasi tupu, akajifunika uso kwa kitenge.

Tulikula pamoja mchana huo. Tonton Mulonda alikuwa mtu mrefu, wa maneno machache, mwenye mikono iliyokauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Nilimwona Maman Wabiwa akimsogezea kopo la mafuta ya kujipaka, naye akakataa kwa adabu. Alisema amezoea hivyo. Kule kambini, siku ya kuosha dhahabu mtu hajipaki mafuta, hali mawese, na kabla ya kushika beseni anasugua beseni na mikono kwa majivu. Mwanamke aliyetoka kupika haruhusiwi hata kusogelea.

"Zahabu na mafuta habipatane," alisema. "Ikisikia mafuta, inakimbia."

Nilicheka. Hicho kicheko bado nakisikia. "Tonton, ile ni mambo ya bankambo, ya bazee ba zamani. Zahabu iko nzito kupita hata chuma. Itakimbia na miguu gani?"

Maman Wabiwa naye akacheka, kwa ajili ya kunisifu. Tonton Mulonda hakukasirika. Alinitazama kwa heshima, na heshima ile ndiyo inayonichoma nikiikumbuka. "Weye uko musomi, binti," alisema. "Mimi nasema tu bile tunafanyaka." Kesho yake alirudi Mwenga.

Kilichokuwa kinamtisha Maman Wabiwa ni wanunuzi. Kila mtu alikuwa na kisa chao. Mnunuzi alimwaga dhahabu yako kwenye kisahani, akaanza kuipuliza ili kuondoa mchanga, na alipuliza kwa nguvu iliyozidi kidogo. Punje zikarukia mkeka wake, na ukishatoka yeye akafagia mkeka. Mjane asiyejua kusoma angemwambia nini mtu wa namna hiyo? Ndipo mimi nikasema, "Maman, tuisafishe hapa nyumbani. Ikifika kwake safi, atapuliza nini?" Alinishika mashavu kwa mikono miwili. "Mungu alikuleta hapa ju ya hii," alisema.

Tulifanya Jumamosi, baada ya kula. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na mfereji wa mlangoni ulikuwa unakwenda mbio. Sumaku nilikuwa nimeitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Niliifunga katika karatasi ya daftari, nikaipitisha juu ya dhahabu iliyomwagwa kwenye sahani, na mchanga mweusi ukaruka ukasimama juu yake kama nywele. Watoto walipiga kelele. Majirani wawili walikuja kuangalia. Nikavuta sumaku kutoka kwenye karatasi, mchanga ukaanguka pembeni, nikarudia tena na tena mpaka ukabaki mchanganyiko wa manjano na mchanga mweupe. Nilikuwa naeleza kila hatua kwa Kifaransa, mpumbavu mimi, kwa watu wasiokielewa. Kisha nikasema sasa ni zamu ya maji. Nikachukua beseni iliyokuwa karibu, ile ile iliyokuwa na sambaza saa moja iliyotangulia, nikaisuuza nyuma ya nyumba kwa maji baridi. Sabuni mwezi ule ilikuwa adimu, na hata ingekuwepo sidhani ningeitumia, maana kutumia sabuni kungekuwa kumsikiliza Tonton Mulonda. Mikono yangu bado ilikuwa inanuka mawese.

Nilijaza maji, nikamimina ule unga mkavu juu yake, nikaanza kuzungusha. Juu ya maji palikuwa na utando wa manjano uliong'aa. Niliuona vizuri. Nikajiambia, ni mawese, afadhali yatoke kwanza. Nikainamisha beseni kwenye mfereji, utando ukateleza ukaenda. Nikaongeza maji, nikazungusha, utando mwingine, nikamwaga. Mara nne, mara tano. Hatimaye nikaangalia chini ya beseni na kukuta mchanga kidogo, na katikati yake punje chache za manjano, kubwa kama mbegu za lengalenga, mchicha wetu. Hizo tu.

Maman Wabiwa alikuwa ameinama nyuma yangu, pumzi yake shingoni mwangu. "Ingine iko wapi?" aliuliza.

Naapa kwamba dakika ile sikujua. Nilijua kitabu kilisema dhahabu huzama, kwa hiyo kisichozama hakikuwa dhahabu. Lakini nilikuwa pia naogopa, majirani walikuwa wanatazama, na kinywa changu kikatoa jibu kabla sijakituma. "Maman, zahabu ilikuwa tu hii. Ingine yote ni muchanga. Balikuchanganyia."

"Nani alinichanganyia?"

Sikutaja jina. Nimejifariji kwa hilo miaka mingi, kwamba sikutaja jina, kana kwamba yale mabua yalipita mikononi mwa watu kumi. Maman Wabiwa alikaa chini taratibu. "Basi alikuwa anavaa ile sura yote ya huruma," akasema, nami nikaendelea kuokota punje moja moja.

Siku tisa baadaye nilijua. Maman Wabiwa alikuwa anasuuza kitenge cha mteja katika ndoo mlangoni, na sindano aliyoisahau kwenye upindo ikateleza kutoka kwenye kitambaa polepole, ikalala juu ya maji. Haikuzama. Ilikaa pale juu, imelala, maji yamebonyea kidogo chini yake. "Nsimire, kuya uone!" aliniita. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile alikuwa anacheka. "Sindano inaogelea! Ni ju ya mafuta ya kichwa yangu." Nilikuja, nikasimama. Nilitazama chuma kikielea kwa sababu kilikuwa kidogo na kimepakwa mafuta, maji yameshindwa kukilowesha, na nikauona tena ule utando wa manjano ukiteleza kwenye mfereji, ukipita kwa jirani wa chini, na kwa jirani wa chini yake. Nilijua palepale kwamba utando ule ulikuwa dhahabu yenyewe, nimesimama hatua moja kutoka kwake, akiwa amefurahi. Ningeweza kusema. Kosa la Jumamosi lilikuwa la ujinga, na mjinga husamehewa. Lililofuata ni langu lote. Nikasema, "Ni ajabu kweli, Maman," nikarudi nyuma ya pazia kusoma.

Tonton Mulonda alirudi baada ya mwezi, amebeba kuku kwa ajili ya kusherehekea mashini. Nilikuwa nyuma ya pazia na nilisikia yote. Maman Wabiwa hakumpa kiti.

"Mashini iko wapi, shemeji?"

"Iko mu muchanga wako," alisema. "Mulonda, ungesema huna kitu, ningekuelewa. Lakini kujaza muchanga mu bua, unipe mbele ya batoto ya kaka yako!"

Alieleza sumaku, alieleza maji, alieleza punje chache. Nilisubiri Tonton afoke. Hakufoka. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, "Muliosha mu beseni gani?" Maman Wabiwa akasema ile pale ukutani. Pazia lilikuwa na mwanya kati ya vipande viwili, nikamwona akiitungua ile beseni, akapitisha kidole ndani ya ukingo, akakinusa. Kisha akageuka akatazama pazia. "Binti," aliita. "Beseni ilikuwa safi?"

Nikatoka. "Ndiyo, Tonton. Niliosha na sabuni yangu ya shule."

"Hata mafuta kidogo haikuwa?"

"Hata kidogo."

Alinitazama muda mrefu. Maman Wabiwa alikuwa anangoja, na kama Tonton angesema neno moja, mimi, mtoto wa watu, mwenye kula samaki wakubwa, ningerudishwa Kalehe na masomo yangu yangeishia hapo. Nadhani aliyaona hayo yote. Alirudisha beseni kwenye msumari wake. "Basi," alisema. "Iko vile anasema." Akaweka kuku chini akatoka. Maman Wabiwa alimtupa yule kuku mlangoni nyuma yake. "Bitu bya mwizi batoto yangu habatakula!" Majirani walisikia, kama alivyotaka wasikie.

Maji yakimwagika hayazoleki, nasi watu wazima tunalitumia neno hilo kana kwamba ni faraja. Wale watoto wawili walikua bila baba mdogo. Aliyetuma muhogo na nyama ya porini kila msimu aliacha kutuma kwa sababu vilikuwa vinarudishwa. Mashini haikuja kamwe. Nafasi karibu na dirisha ilikaa tupu miezi michache, kisha siku moja nikakuta pamewekwa ndoo ya maji. Maman Wabiwa aliendelea kushona kwa mkono mlangoni, na macho yake yakaanza kuchoka mapema. Mimi nilifaulu. Nilipata diploma, nikawa mwalimu, nikamtumia sabuni na sukari kila Noeli, naye aliwaonyesha watu: "Ni musomi wangu ananitumia." Kila alipolisema hilo mbele yangu nilitamani ardhi initoe machoni pake, kisha Noeli iliyofuata nikatuma tena.

Nilifika kwenye kilio siku ya tatu. Mzee alikuwa ameshazikwa. Nyumba sasa ni ya matofali, waliijenga wajukuu, lakini mfereji ni uleule. Maman Wabiwa alikuwa amekaa juu ya mkeka, macho yamepofuka kabisa, akanijua kwa sauti. Alinikalisha pembeni yake. Akanisimulia kwamba Mulonda alipougua hakuwa na pa kwenda, akaletwa Bukavu, na yeye ndiye aliyempokea. Alimlisha uji kwa mkono wake miezi miwili.

"Siku yake ya mwisho nilimuambia: shemeji, ile mambo ya zahabu, nilishaka kukusamehe. Enda na roho nyeupe." Alivuta kitenge mabegani. "Alinyamaza sana. Njo akasema: aksanti, shemeji."

Aliipokea. Mtu yule aliipokea samahani ya kosa langu na akashukuru, kisha akafa nayo. Nilikuwa nimejiandaa kulia kama walivyolia wengine, lakini aibu iliyonishika haikuwa na machozi. Watu walikuwa wanaingia na kutoka, mtu anagawa chai. Nikaushika mkono wa Maman Wabiwa, nikamwambia yote: sambaza, maji baridi, utando, sindano, sabuni ambayo haikuwepo. Nilimwambia mfululizo, bila kutafuta neno zuri. Hakuutoa mkono wake. Ulikuwa tu umekuwa mzito.

"Uliiona ikienda?" aliuliza.

"Niliiona. Nikafikiri ni mawese."

"Na ile siku ya sindano, ulikuwa ulishajua."

"Nilijua, Maman."

Aliiweka chai yake chini bila kuinywa. Sikungoja anisamehe, na hakunisamehe. Aligeuza uso upande wa dirisha asiloliona. "Mimi nilimusamehe," alisema. "Mimi! Sasa yeye, nani atamuomba musamaha?" Halafu, kwa sauti ile ya kuwafukuza watoto kwenye nafasi ya mashini: "Kesho utanipeleka kwa kaburi. Utaongea weye. Mimi macho haiko tena, lakini masikio iko."

Asubuhi mjukuu wake alimletea maji ya kuoga na kopo la mafuta, kama kila siku. Maman Wabiwa alioga, akavaa kitenge chake cheusi, na alipoguswa na kopo akalisukuma. "Leo hapana mafuta," alisema. "Tunaenda kwa mutu wa zahabu." Akanyoosha mikono yake mikavu mbele, apate wa kumwongoza. Nikamwambia anisubiri kidogo. Nikaenda jikoni, nikaomba majivu ya kusugulia mikono.